Mshale wa kompyuta ukikwama, usikimbilie kung'oa waya

Ni saa nne za usiku, Jumapili. Binti wa kidato cha nne yuko sebuleni akiandika kurasa za mwisho za ripoti ya mradi wa somo la kompyuta, ule ambao alama zake huhesabiwa katika mtihani wa KCSE. Ghafla anapaaza sauti: "Baba, kompyuta imekufa!" Mshale umeganda katikati ya kiwambo. Anasukuma kipanya huku na huko, wapi! Baba anainuka kitini, anakwenda moja kwa moja ukutani na kuchomoa waya wa stima.

Hapo ndipo mambo huharibika. Kompyuta inapowashwa tena mshale unacheza vizuri, lakini kurasa zilizoandikwa tangu saa mbili hazipo.

Kosa la baba huyu ni kudhani kwamba mshale ukikwama, basi kompyuta nzima imekwama. Betri za rimoti zikiisha, nani hudai kwamba televisheni imekufa? Kipanya nacho ni chombo kimoja tu kati ya vingi.

Kwa hivyo, kabla ya kugusa waya wowote, tazama kibodi. Nyingi zina taa ndogo ya kitufe cha Caps Lock. Kibonyeze mara mbili tatu. Taa ikiwaka na kuzimika, kompyuta ingali hai. Usianze kutafuta kosa bado! Shikilia Ctrl kisha ubonyeze S ili kazi ihifadhiwe. Kama faili haikuwa na jina, kisanduku kitafunguka. Andika jina, bonyeza Enter. Kama programu yenyewe haijakwama, mradi umeokoka.

Sasa mtafute mkosaji kwa utulivu. Kipanya cha waya kichomoe, ukitie katika tundu jingine la USB. Kisicho na waya kibadilishie betri, na uangalie swichi iliyo chini ya tumbo lake. Kwa kompyuta ya mapajani, mara nyingi mtoto au kiwiko kimebonyeza kile kitufe cha juu kinachozima kibao cha kugusa.

Meza nayo huleta visa. Kipanya cha kwanza, alichobuni Douglas Engelbart huko California katika miaka ya 1960, kilikuwa cha mbao na kilitembea kwa magurudumu mawili. Vya siku hizi hupiga picha za meza zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde na kuzilinganisha ili kujua vimesogea wapi. Kwenye kioo kitupu vingi havioni kitu. Tandika gazeti, hata ukurasa huu utafaa, ukishamaliza kuusoma.

Na ikiwa taa ya Caps Lock haiitiki? Hapo hali ni ngumu zaidi. Ngoja dakika chache, kwani huenda kompyuta imelemewa tu na programu nyingi zilizofunguliwa kwa pamoja. Kisha, kama inatumia Windows, bonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja. Orodha ikitokea, tumia Tab na vitufe vya mishale kufikia Task Manager, kisha uifunge programu iliyokwama. Jua tu kwamba kilichokuwa ndani yake bila kuhifadhiwa huenda kikapotea.

Yote yakishindikana, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 10 hadi izimike. Ukiiwasha tena, fungua Word kwanza, ikiwa ndiyo uliyokuwa ukitumia. Kwa kawaida programu hiyo hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, na huenda ikakuonyesha orodha ya nakala hizo pembeni. Usiifunge kwa pupa. Fungua iliyo mpya zaidi, ihifadhi kwa jina jingine, kisha umwite binti aje atazame ni aya ngapi zimebaki za kuandika upya.