Uvimbe wa maji: Ukubwa pekee si kipimo cha hatari

MKAZI wa Myanga, Kaunti ya Bungoma, anaporejea nyumbani na karatasi ya hospitali inayoeleza kwamba ini lake lina uvimbe wa maji wa sentimita 6, jambo la kwanza kumshtua ni tarakimu hiyo. Jamaa huanza kuulizana ni ng'ombe yupi auzwe ili gharama ya upasuaji ipatikane. Hata hivyo, tarakimu hiyo pekee haitoshi kuamua lolote.

Uvimbe wa aina hii ni kifuko chenye ukuta na majimaji ndani yake. Huweza kutokea kwenye ini, figo, mapafu au ovari. Vingi havina madhara, na hugunduliwa kwa bahati tu, mtu anapopigwa picha kwa sababu nyingine. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, kifuko cha kawaida cha ovari kisichofika sentimita 5 mara nyingi hutoweka chenyewe.

Ni vyema pia kufahamu maana ya kipimo chenyewe. Kipenyo kikiongezeka maradufu, ujazo huongezeka mara nane. Kifuko cha mviringo chenye kipenyo cha sentimita 5 hubeba takriban mililita 65, ilhali cha sentimita 10 hubeba zaidi ya nusu lita. Kwa upande mwingine, tofauti ya milimita mbili au tatu kati ya picha mbili huenda imetokana na mkono wa mpimaji, wala si ukuaji.

Ithibati ya haya haiko mbali. Kutoka Kitale, barabara kuu hupitia Kapenguria hadi Lodwar, Turkana, eneo linalojulikana duniani kote kwa ugonjwa wa haidatidi. Ugonjwa huu husababishwa na tegu mdogo anayeishi kwenye matumbo ya mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa. Binadamu akiyameza, vifuko huota, hasa kwenye ini na mapafu. Mbwa naye huambukizwa anapokula matumbo na viungo vya mifugo vyenye vifuko hivyo.

Mwaka wa 1983, shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kudhibiti ugonjwa huo Turkana, na mashine ndogo za altrasaundi zikapelekwa hadi kwenye maboma ya wafugaji. Watafiti waliofuatilia wagonjwa waliripoti mwaka wa 1986 kwamba vifuko havikui kwa mwendo mmoja. Vingine hupanuka haraka, vingine polepole, na vingine husinyaa bila tiba.

Kwa sababu hiyo, wataalamu hutazama zaidi kilichomo ndani. Daktari Hassen Gharbi wa Tunisia na wenzake walichapisha mpangilio wa picha hizo mwaka wa 1981. Mwaka wa 2003, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitoa mpangilio wenye makundi matatu. Kifuko hai huwa na maji maangavu au vifuko vidogo ndani yake. Cha mpito huwa kimeanza kubanduka utando au kuharibika. Na kilichokufa huwa kigumu, pengine kimezungukwa na chokaa.

Hapo ndipo ukubwa hupata maana. Kifuko hai chenye chumba kimoja, kisichozidi sentimita 5, huweza kutibiwa kwa dawa ya albendazole pekee. Kikubwa zaidi huenda kikahitaji kufyonzwa kwa sindano au kupasuliwa. Kilichokufa, hata kikiwa kikubwa, kwa kawaida huachwa na kuchunguzwa mara kwa mara, mradi hakimsumbui mgonjwa. Kifuko cha haidatidi hakipaswi kudungwa ovyo, kwani maji yake yakivuja yanaweza kuzua mzio wa kuua na kusambaza ugonjwa.

Kabla ya kuuza ng'ombe, basi, mgonjwa anapaswa kumuuliza daktari maswali matatu: kifuko kiko wapi, ndani yake mna nini, na je, kimebadilika tangu picha ya awali? Swali la tatu halina jibu iwapo picha ya kwanza ilitupwa. Ni muhimu kuihifadhi. Lakini maumivu makali ya ghafla, homa, au macho kugeuka manjano ni dalili zisizongoja miadi. Mwenye dalili hizo afikishwe hospitalini mara moja.