Mchango wa Watu Tisa, Usiku Mmoja wa Mashujaa Dallas: Tulivyopanga na Tulivyokosea

Kuna ukumbi jijini Dallas, Marekani, kando ya barabara kuu ya Stemmons, uliojengwa kama ngome ya Wazungu wa zamani. Ukifika mlangoni unavishwa taji la karatasi. Unaketi kwenye meza ndefu zilizopangwa kama ngazi kuzunguka uwanja wa mchanga, halafu unaletewa kuku, mahindi, viazi na mkate wa kitunguu saumu. Uma hakuna. Supu ya nyanya unainua bakuli unakunywa. Sisi tuliolelewa na ugali hilo halikututisha hata kidogo, tulinawa mikono tukangoja. Wakati unakula, mashujaa sita wapanda farasi wanapigana kwa mikuki na panga mbele yako kwa karibu saa mbili, na kila upande wa ukumbi unampigia kelele shujaa wake.

Ukumbi unaitwa Medieval Times. Mambo haya yalianzia Uhispania, kisiwa cha Majorca, yakaingia Marekani mwaka 1983 huko Kissimmee, Florida. Sasa kuna ngome kumi, tisa Marekani na moja Toronto, Kanada. Hadithi yenyewe inaigiza Uhispania ya karne ya 11.

Sisi tulifikaje huko? Rafiki yetu wa tangu chuo alikuwa anaolewa Dallas, mji wenye Wakenya wengi. Tulikuwa tisa kutoka Nairobi na watano waliokuwa tayari wanaishi kule. Bibi harusi alitaka kitu kimoja tu kabla ya arusi: Ijumaa usiku, wote kumi na wanne, kwenye ngome, kwa mavazi ya kale. Watatu kati ya wale tisa tunaandika blogu hii. Kwa hivyo mtu angetarajia upande wa pesa uende sawa. Haukuenda sawa.

Hesabu ya kwanza

Bei ya tiketi hubadilika kulingana na siku na ngome, na kodi huongezwa juu ya bei unayoiona kwanza. Bahashishi ya mhudumu iko kando, na Marekani hiyo si hiari kama hapa kwetu. Asilimia 15 hadi 20 ndiyo kawaida. Picha unauziwa, pombe unajinunulia, na kutoka hotelini hadi ukumbini ni teksi. Tulijumlisha kila kitu tukakubaliana dola 115 kwa kila mtu.

Tukaiandika hesabu kwa dola kwanza, shilingi baadaye, na tunakushauri ufanye hivyo kwa safari yoyote ya nje. Mnakumbuka 2024: Januari dola ilikuwa karibu shilingi 160, na kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa karibu 129. Dola 115 zilezile zingekuwa Sh18,400 mwanzoni na chini ya Sh15,000 mwishoni. Kundi likipanga kwa shilingi miezi sita kabla, kuna mtu atakuja kuulizwa pesa zilizobaki ziko wapi, au aombe watu waongeze. Na kumbuka kiwango kinachotangazwa kwenye habari sicho utakachokatwa. Ukilipa kwa kadi au ukituma nje, anayebadilisha pesa naye ana kiwango chake na ada yake. Angalia kile kinachoonekana kwenye simu yako kabla ya kuweka PIN.

Wakati wetu dola ilikuwa karibu 130. Kila mtu achange Sh15,000 kwa awamu tatu za Sh5,000, jumla Sh135,000. Mmoja wetu, ambaye tangu chuo tunamwita Waziri wa Fedha kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa anakumbuka nani amelipia teksi, akakubali pesa zije kwa nambari yake. Mwenzetu aliyeko Dallas angenunua tiketi zote kumi na nne kwa mkupuo mmoja ili tukae pamoja.

Kila mtu akituma, jina lake linawekewa tiki kwenye kundi la WhatsApp. Mwezi wa kwanza tiki tisa. Wa pili tisa. Wa tatu tisa, mmoja akichelewa siku nne na kutukanwa kidogo. Tukaona kila kitu kiko sawa.

Ijumaa ya tiketi

Majira ya kiangazi Dallas iko nyuma yetu kwa saa nane. Huku ilikuwa saa tatu usiku, kule ni adhuhuri, mwenzetu yuko kwenye mapumziko ya chakula. Akaandika kwenye kundi: "Nimepata dola 950 na kitu. Si tulisema 1,035?"

Hakuna aliyejibu kwa dakika kadhaa. Halafu mtu akaandika, "Waziri, pesa zetu ziko wapi?" Mwingine akaweka ile emoji ya macho. Mwingine, ambaye amekula kwa huyo dada zaidi ya mara hamsini, akaandika kwamba yeye alijua tu. Waziri alisoma, tuliona amesoma, hakusema kitu. Saa tano usiku akatoka kwenye kundi.

Hapo ndipo sisi watatu tulipaswa kupiga simu. Hatukupiga. Kusema kweli tuliona aibu kuuliza, na tukajiambia kesho.

Alfajiri akamtumia mmoja wetu taarifa ya miamala yake yote ya miezi mitatu, kurasa kumi na nne, bila neno. Ukurasa wa kwanza ulitosha. Siku ya mchango wa kwanza alikuwa na deni la Sh6,200 la ovadrafti, ule mkopo wa simu unaokuwezesha kukamilisha malipo salio likiwa halitoshi. Mchango wa kwanza wa Sh5,000 uliingia saa nne asubuhi na deni likauchukua wote hapohapo. Wa pili ukaingia, Sh1,200 zikaenda. Huduma ilifanya kile ambacho imeundwa kufanya: pesa yoyote inayoingia hulipa deni kwanza, haiulizi imetoka kwa nani wala ni ya kazi gani. Kwenye WhatsApp kulikuwa na Sh10,000. Kwenye simu kulikuwa na Sh3,800.

Alidhani mshahara ukiingia atajazia, asiaibike bure. Mshahara ukaja, kodi ya nyumba ikaja siku hiyohiyo. Halafu zile ndogondogo: tokeni za stima, boda, dawa ya mtoto wa dadake, zote zikitoka kwenye salio lilelile ambamo pesa zetu zilikuwa zimechanganyika na zake. Ndogondogo hizo zilifika Sh4,500 kabla hajagundua. Jumla ya pengo Sh10,700. Alikuwa amemtumia wa Dallas kila kitu kilichobaki, Sh124,300, na kwenye simu akabaki na shilingi arobaini.

Sisi watatu kazi yetu ni kueleza wateja jinsi ovadrafti inavyokatwa. Tumeandika kuhusu jambo hilo hapahapa. Na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza rafiki yetu swali la sekunde tano kabla ya kumtumia pesa: laini yako ina deni?

Tulimpigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Mazungumzo hayo ni yake, hatutayaandika. Tulirudi kwenye kundi tukaeleza kilichotokea, kwa ruhusa yake, na yule aliyekuwa "alijua tu" akaomba msamaha kwa sauti, si kwa maandishi. Wa Dallas akajazia zile dola ili tiketi zisitupite, Waziri akamlipa kwa miezi miwili.

Tuliyobadilisha siku hiyohiyo ni machache. Pesa za mavazi, ambazo zilikuwa bado hazijachangwa, tukazipeleka kwenye laini tofauti iliyosajiliwa kwa jina la mmoja wetu, isiyo na mkopo wowote na isiyotumika kununua hata mkate. Kundi kubwa au chama cha kudumu kinafaa kuwa na akaunti ya kundi ambayo kutoa pesa kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Kwa watu tisa na jioni moja, laini safi ilitosha. Kila Jumapili mwenye laini anatuma taarifa kamili ya miamala, siyo skrinshoti ya salio. Skrinshoti inaonyesha sasa hivi tu, na pia ni rahisi mno kuichezea. Na mtu akisema ametuma, tunangoja pesa ionekane kwenye taarifa. Ujumbe wa uthibitisho uliofowadiwa hatuwekei tiki.

Mapazia ya Gikomba

Sasa mavazi, sehemu tuliyoifurahia zaidi. Ngome haikulazimishi kuvaa chochote, taji la karatasi linatosha. Lakini bibi harusi alikuwa ameshasema.

Tulienda Gikomba asubuhi ya Jumamosi tukatafuta mapazia ya mahameli. Mapazia ya mitumba ndiyo siri ya joho: kitambaa kizito, pana, tayari kina upindo. Fundi alituangalia tisa tumesimama tumejifunga mapazia mabegani, akauliza kama ni kwaya. Kwa Sh2,500 kila mtu tulipata joho na mshipi. Tulichagua kijani kwa wote, tukiwaza tutaonekana jeshi moja. Kosa dogo hilo: rangi ya shujaa wako unaijua ukifika mlangoni, kulingana na mlikopangiwa kukaa. Sisi tulipangiwa nyekundu na manjano. Tulikaa mle tumevaa kijani kama mashabiki wa timu pinzani. Kama mna mpango kama wetu, chagueni rangi isiyo na upande, kahawia au kijivu. Na Dallas mwezi wa Julai si Limuru, joto hupita nyuzi 35. Joho tulilibeba mkononi hadi ndani. Panga za plastiki tuliacha nyumbani, ukitaka kubeba chochote kinachofanana na silaha uliza ukumbi na shirika la ndege kwanza.

Mmoja alikataa pazia. Kwao ni Mombasa, na hoja yake ilikuwa kwamba zama za kale hazikuwa za Ulaya peke yake. Miji ya mawe ilikuwa pwani yetu pia, Gedi na Kilwa, na Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 alikuta watu wanajiweza. Tena masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Basi yeye atakuwa mfanyabiashara wa Kilwa: kanzu, kilemba, na kifuko cha ngozi kiunoni chenye sarafu za shilingi moja moja za kugonganisha. Hatukuwa na la kumjibu.

Wiki mbili kabla ya safari akanyimwa viza. Alikuwa amelipa ada ya dola 185, ambayo hairudishwi, na tiketi yake ya ngome ilikuwa imeshanunuliwa. Hapo tukagundua shimo la pili: hatukuwa tumekubaliana mtu akishindwa kuja pesa zake zinaendaje. Wengine walisema tiketi imenunuliwa, basi. Wengine tugawane hasara. Yeye hakuomba chochote, na hilo ndilo lilifanya iwe ngumu zaidi. Tulibishana siku mbili juu ya jambo ambalo lingemalizwa kwa sentensi moja siku ya kwanza, mfano: anayejiondoa baada ya tiketi kununuliwa anarudishiwa akipatikana wa kuchukua nafasi yake, na kundi zima linasaidia kumtafuta.

Aliyepatikana ni binamu ya bibi harusi, anaishi Fort Worth. Akatuma zile dola 115 moja kwa moja kutoka programu ya simu yake hadi simu ya mwenzetu Nairobi. Zikafika kama shilingi, bila kupitia kwa Waziri wala kwa yeyote kati yetu. Hatukutaka pesa hizo ziguse laini ya mtu mwingine hata kwa dakika moja. Kanzu, kilemba na kifuko vikasafiri kwenye begi letu.

Ijumaa hiyo shujaa wetu wa nyekundu na manjano alitolewa mapema sana. Tulipiga kelele hadi sauti zikaisha, mahindi mkononi. Waziri alikaa katikati ya meza, na bahashishi ilipofika wakati wake yeye ndiye aliyekusanya noti, akahesabu mara mbili mbele ya wote, akampa mhudumu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Kwenye laini ya mavazi zilikuwa zimebaki Sh1,350. Zilirudi Sh150 kwa kila mmoja wa wale tisa asubuhi yake, pamoja na yule wa Mombasa. Tukamtumia na picha ya binamu akiwa amevaa kanzu, kifuko kiunoni, taji la karatasi juu ya kilemba.

Akajibu baada ya dakika moja: "Pesa nimeona. Lakini hicho kilemba nani alikifunga?"