Istilahi za Ufundi wa Magari: "Usukani Unacheza"

Fundi akiambiwa kuwa "usukani unacheza", huwa bado hajaambiwa jambo. Neno hilo moja limebebeshwa hitilafu tatu zilizo mbalimbali, na mwenye gari huweza kununua kipuri asichokihitaji, au kuendelea kuendesha gari la hatari. Tunapendekeza zitenganishwe hivi:

Ulegevu: usukani huzunguka kidogo kabla magurudumu hayajaanza kugeuka.

Mtetemo: usukani hutikisika mikononi gari lishikapo mwendo, aghalabu uzito wa gurudumu haukulingana pande zote, au rimu imepinda.

Kuyumba: gari halishiki njia iliyonyooka ingawa usukani umeshikwa imara.

Tuchukue mfano wa Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973. Magari hayo sasa yana umri wa miaka hamsini na kitu, na mpira huchakaa kwa umri hata gari lisipotembea. Humo mpira umo katika kiungo cha mhimili wa usukani, katika vishikizo vya reki, yaani ufito wenye meno unaosukumwa na gia ndogo, na katika bushi za mikono ya chini.

Utambuzi huanza kwa upepo wa matairi. Kisha, gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, mtu mmoja azungushe usukani kidogo kushoto na kulia, na mwingine atazame kuanzia mhimili hadi gurudumu. Pale ambapo kipande kimoja chajongea na kinachofuata kimetulia, hapo ndipo penye ulegevu. Halafu gari liinuliwe kwa jeki na kuegemezwa imara, gurudumu lishikwe na kusukumwa. Likitikisika kando kwa kando tu, ishukiwe ncha ya tairodi au reki. Likitikisika pia juu na chini, ishukiwe beringi au bolijointi. Kupima mwelekeo wa magurudumu huja mwisho, kwani kipimo kilichochukuliwa juu ya kipuri kilicholegea hakidumu.

Neno "kucheza" na libaki katika mazungumzo ya gereji. Lakini katika maandishi ya ufundi hapana budi litanguliwe na swali: lacheza vipi?