WALIFUKUZWA WATU, SHERIA YAO YA MAJI IKABAKI

Kila Alhamisi, saa sita mchana, mahakimu wanane huketi mbele ya Mlango wa Mitume wa kanisa kuu la Valencia, Hispania. Wote ni wakulima waliochaguliwa na wakulima wenzao. Aliyeiba maji au kuruka zamu yake huitwa, mashauri husemwa kwa mdomo, na hukumu hutolewa papo hapo. Mwaka 2009 UNESCO ililitia baraza hilo katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Desturi hiyo yatoka kwa Wamori, yaani Waislamu wa Hispania, ambao wa kwanza wao, Waberberi na Waarabu, walivuka kutoka Afrika ya Kaskazini mwaka 711 wakiongozwa na Tariq ibn Ziyad. Ndio walioeneza mifereji ile, wakastawisha mpunga, miwa na michungwa. Mfalme Jaume wa Aragon alipouteka mji huo mwaka 1238, hakuivunja kazi yao. Mwaka uliofuata aliamuru maji yagawanywe vile vile kama zamani za Waislamu. Alikuwa mshindi, lakini alijua kwamba shamba halilimwi kwa upanga.

Waliomfuata walipungukiwa na busara hiyo. Wamori walilazimishwa kubatizwa, na hata baada ya kubatizwa wakahesabiwa wageni. Mwaka 1609 Mfalme Felipe wa Tatu aliamuru wafukuzwe. Kufikia mwaka 1614 watu wapatao 300,000 walikuwa wamekwisha kutolewa. Jimbo la Valencia lilipoteza karibu thuluthi ya watu wake, na mashamba mengi yakakosa wakulima. Baadhi ya waliofukuzwa walifika Tunisia, wakajenga mji wa Testour.

Wakulima waliondoka, maneno yao yakabaki. Mhispania huita sukari azúcar. Na hasta yake, yenye maana ya "mpaka", ni ndugu wa "hata" yetu, kwani yote yametoka katika Kiarabu.

Ndugu wasomaji, watu hao walikuwa wamekaa katika nchi ile karibu miaka 900, wakaambiwa si kwao. Yapasa tujiulize: mtu alime miaka mingapi, achimbe mifereji mingapi, ndipo akubaliwe kuwa mwenyeji? Serikali ya Hispania haikuuliza swali hilo, na walioumia si waliofukuzwa peke yao.