Farasi wa vita vya Morogoro: Namna ya kuunda sanamu zao ndogo

SANAMU ndogo ya farasi wa vita inayouzwa dukani kwa kawaida humwonyesha mnyama aliyenona na mwenye nguvu. Kwa fundi anayetaka kuonyesha vita vya mwaka 1916 chini ya Milima ya Uluguru, sanamu hiyo haisemi kweli.

Majeshi ya Jenerali Jan Smuts, wakiwamo wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, yaliingia Morogoro Agosti 26, 1916, huku askari wa Paul von Lettow-Vorbeck wakirudi kusini. Katika vita hivyo farasi walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi, hususan nagana inayoenezwa na mbung'o.

Hivyo kazi huanzia mwilini. Katika kipimo cha 1/35, farasi wa sentimita 150 mabegani huwa na kimo cha milimita 43 hivi. Fundi hukwangua plastiki kwa kisu kikali hadi mbavu na mifupa ya nyonga ijitokeze, kisha huongeza puti kidogo chini ya tumbo na miguuni, kwani nagana huleta uvimbe sehemu hizo.

Hatua ya pili ni vifaa. Ukanda wa ngozi wenye upana wa milimita 25 huwa milimita 0.7 tu. Hukatwa kutoka karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara, ambayo ikikunjwa hubaki ilivyokunjwa. Lijamu na vikuku hutengenezwa kwa nyuzi za shaba zilizomo ndani ya waya wa umeme. Blanketi la chini ya tandiko ni karatasi laini iliyochovywa katika gundi nyeupe yenye maji. Uzi mmoja wa mkonge, zao lililozoeleka Morogoro, hufaa kuwa kamba ya kumfungia farasi, lakini ni mnene mno kwa singa za mkia.

Hata hivyo, farasi peke yake hakamilishi mandhari. Wanyama walipokwisha, mizigo ilibebwa na watu. Jina la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi hao, Carrier Corps. Nyuma ya farasi aliyekonda, fundi mwaminifu humweka mpagazi, naye humchonga kwa uangalifu uleule.