Nafasi Kati ya Maneno: Upangaji wa Maandishi Katika Slaidi

Utangulizi

Nabii Habakuki, katika sura ya pili ya kitabu chake, anaagizwa kuandika juu ya vibao kile alichoonyeshwa, tena kwa uwazi ambao hautamkwamisha msomaji. Agizo hilo halikuhusu ujumbe peke yake, bali pia sura ya maandishi yenyewe. Siku hizi vibao vyetu vingi ni slaidi. Nyimbo na masomo huonyeshwa ukutani kwa projekta, na wanafunzi hutetea tasnifu zao kwa njia hiyo hiyo. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mpangilio na nafasi si pambo, bali ni sehemu ya maana. Apangaye ovyo huweza kuuficha ujumbe aliotumwa kuutangaza.

1. Nafasi katika historia ya maandishi

Nakala za kale za Biblia ya Kiyunani, kama ile ya Codex Sinaiticus ya karne ya 4, ziliandikwa herufi zikifuatana pasipo nafasi kati ya neno na neno. Kazi ya kuyatenga maneno ilikuwa ya msomaji. Katika karne ya 7 na ya 8, watawa wa Ireland, ambao kwao Kilatini kilikuwa lugha ya kujifunza, walijenga desturi ya kutenga maneno kwa nafasi. Mwaka 1551 Robert Estienne alichapa Agano Jipya likiwa limegawanywa katika mistari yenye namba. Katika hatua hizo hakuna fundisho lililoongezwa. Hata hivyo, mlango wa kusoma ulifunguliwa kwa wengi. Tunajifunza hapa kwamba nafasi nyeupe iliingia katika maandishi kwa ajili ya msomaji asiye mwenyeji.

2. Slaidi iliyoficha hatari

Mfano wa kusikitisha wa mpangilio mbaya unatoka Marekani. Mwezi Januari 2003, chombo cha anga Columbia kilipokuwa kikirushwa, kipande cha povu gumu kilibanduka na kulipiga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi walitoa taarifa yao kwa slaidi. Kichwa cha slaidi moja kilikuwa na sauti ya kutuliza. Jambo zito kuliko yote, yaani kwamba kipande kile kilikuwa kikubwa mara 640 kuliko vile vilivyotumika katika majaribio, liliwekwa chini kabisa, katika herufi ndogo, likiwa tawi la tawi la hoja nyingine. Tarehe 1 Februari 2003 chombo kilisambaratika kikirejea duniani, na watu wote saba waliokuwamo wakafa.

Tume ya uchunguzi, ikitumia uchambuzi wa Profesa Edward Tufte, ilieleza katika taarifa yake ya mwaka huo kwamba kiongozi angeweza kuisoma slaidi ile asitambue kuwa inahusu hatari ya maisha. Hatusemi kwamba slaidi ndiyo iliyowaua watu hao. Sababu zilikuwa nyingi. Lakini ukweli ulikuwa umeandikwa, na bado haukuonekana.

3. Kanuni za kufuata

(a) Slaidi moja ibebe jambo moja. Lililo kuu likae juu, kwa herufi kubwa kuliko mengine, na kichwa kitamke hoja yenyewe badala ya kutaja mada tu.

(b) Kwa ukumbi wa kawaida, herufi zisipungue pointi 28. Programu kama PowerPoint huweza kuzipunguza herufi yenyewe maneno yanapojaa. Ukiona hivyo, usifurahi kwamba yameenea. Gawanya slaidi iwe mbili.

(c) Nafasi kati ya aya na aya izidi ile iliyo kati ya mistari ya aya moja, ili jicho litambue yapi yanakwenda pamoja. Iwekwe kwa kipimo cha aya kilichomo katika programu, si kwa kubonyeza Enter mara mbili. Vivyo hivyo maneno yasisogezwe kwa kitufe cha nafasi, maana fonti ikibadilika mpangilio wote huvurugika.

(d) Mistari ianzie usawa mmoja upande wa kushoto. Kuinyoosha pande zote mbili huacha mapengo, hasa katika Kiswahili chenye maneno marefu: neno kama "hawatanyang'anywa" likishuka mstari wa chini, lile la juu hubaki na matobo.

(e) Wimbo ukatwe mahali pa pumzi, si pale ukingo wa slaidi ulipoishia. Ukitumia Shift na Enter pamoja, mstari mpya huanza ndani ya ubeti ule ule. Enter peke yake huanzisha aya nyingine. Kila ubeti upewe slaidi yake, na kiitikio kirudiwe.

(f) Jina la kitabu cha Biblia lisitenganishwe na namba ya sura na aya. Anayekuta "Yohana" mwisho wa mstari na "3:16" mwanzo wa unaofuata hulazimika kusita bila sababu.

Hitimisho

Kabla ya ibada au mhadhara, mwandaaji na aende akasimame nyuma kabisa ya ukumbi na kusoma kutoka hapo. Hapo ndipo atakapoketi mama mzee asiye na kitabu cha nyimbo wala miwani, ambaye ubeti ukivurugika ukutani yeye hunyamaza, wala hatamwambia mtu kwa nini alinyamaza. Tukimpangia yeye maneno vizuri, wengine wote watasoma bila taabu.