Je, Wema ni Mila Tu?

Vijana wengi siku hizi husema hivi: "Kila kabila lina mila yake. Lililo jema huku ni baya kule. Basi hakuna jema wala baya. Kuna desturi tu." Neno hili si la kuchekwa. Mzazi akilisikia nyumbani mwake asimfokee mtoto, bali amjibu kwa sababu. Na kwa watu wa Handeni na Korogwe sababu hizo haziko mbali. Zimo katika habari za wazee wao wenyewe.

Kwanza tukubali lililo kweli. Mila hutofautiana sana. Wazigua wa zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na amri kubwa juu ya watoto wa dada yake. Wasambaa, jirani zao wa milimani, walihesabu kwa upande wa baba. Je, nani katika hao alikuwa na dhambi? Hakuna. Watu waweza kufuata njia hii au ile, kama wawezavyo kujenga nyumba ya msonge au ya banda. Mambo ya namna hiyo Mungu ameyaacha mikononi mwa wanadamu.

Lakini si kila mila ni ya namna hiyo.

HABARI YA KIGEGO

Zamani, katika nchi hizi, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego. Watu walisadiki kwamba akiachwa aishi, jamaa zake watakufa mmoja baada ya mmoja. Kwa hiyo mila iliamuru auawe. Waliofanya hivyo hawakuwa wanyang'anyi. Walikuwa watu wenye heshima zao, nao waliona wanaokoa ukoo.

Sasa na tumwulize kijana wetu: kama wema ni mila tu, basi kumwua mtoto yule kulikuwa wema? Na mama aliyemficha mwanawe alikuwa mwovu?

Swali hili si la kubuni. Liko katika hadithi ya Mbegha, mkuu wa kwanza wa Wakilindi. Abdallah bin Hemedi, Mwislamu, aliiandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, mwishoni mwa karne ya 19, na wamisheni wa Magila wakakipiga chapa kitabu chake. Mbegha alizaliwa Nguu, nchi ambayo zamani ilikuwa katika Wilaya ya Handeni na leo iko Kilindi. Meno yake ya juu yalitangulia. Wazazi wake walimpenda, hawakumwua. Walipokufa, jamaa walimnyima urithi kwa kuwa ni kigego, naye akakimbia, mkuki mkononi na mbwa wake nyuma. Akavuka, akapanda milima ya Usambara, akawinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya watu. Akawagawia watu nyama, akaamua mashauri yao kwa haki. Mwisho Wasambaa wakamfanya mtawala wao huko Vuga, juu ya Mombo. Ukoo wake ukatawala mpaka uchifu ulipofutwa Tanganyika mwaka 1963.

Ni mambo mangapi katika hadithi hii yametokea hasa, na mangapi yameongezwa na wasimuliaji, si hoja yetu leo. Hoja yetu ni hii: wazee wameisimulia kwa vizazi vingi, wala hawawalaumu wazazi wa Mbegha kwa kuivunja mila. Wasikilizaji hufurahi mtoto akipona. Basi moyoni mwao walikuwa na kipimo kingine, kikubwa kuliko mila ile.

WAZEE WALIKOSA NINI?

Tuangalie vizuri. Je, wazee wale walikuwa na sheria kinyume cha yetu? La. Sheria yao ilisema: linda ukoo wako usiangamie. Hata sisi twasema hivyo. Walichokosa ni habari ya kweli. Walidhani meno huleta mauti. Leo kila mganga wa hospitali ajua kwamba watoto wengi huanza na meno ya chini, na wengine ya juu, wala hakuna ubaya wowote.

Kumbe mara nyingi tuonapo makabila mawili yakitofautiana juu ya jema na baya, tofauti yao ni ya mambo wanayosadiki, si ya sheria iliyo moyoni. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Warumi juu ya sheria hiyo, akisema kwamba hata watu wasio na Torati wanayo ndani yao, na dhamiri zao hushuhudia.

"NA WAZUNGU JE?"

Pengine kijana atajibu: "Wamisheni nao walileta mila zao tu." Jibu lake ni kwamba kipimo hiki huwahukumu hata wao. Miaka ya 1830 njaa kubwa iliwapata Wazigua. Wengi walinaswa katika utumwa, wakapakiwa majahazini hadi nchi ya Somalia. Vizazi vyao bado husema Kizigua, na baada ya vita vya 1991 baadhi yao walirudi, wakapewa makao Chogo, wilayani Handeni. Biashara ile ilikuwa halali kwa sheria ya Sultani wa Unguja. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Na Wakristo wa Marekani walikuwa na watumwa wao kihalali mpaka 1865. Sheria ziliruhusu, desturi iliruhusu, na pengine hata mhubiri aliruhusu. Je, ilikuwa haki? La hasha! Na kama wema ni mila tu, hatuna neno la kuwaambia waliouza watu wale.

Twaambiwa: mwacha mila ni mtumwa. Ni methali njema. Lakini Wazigua wale wa majahazini hawakuacha mila yao, na bado waliuzwa. Mila hustahili heshima kama mtumishi mzee wa nyumba, haistahili kuabudiwa.

MIZANI YA NYUMBANI

Mzazi awafundishe watoto kuuliza mambo matatu juu ya kila mila, ya kale au ya kisasa, yetu au ya wageni. Je, lile inalolisadiki ni kweli? Je, yuko asiye na hatia anayeumia? Je, ningeikubali kama ningekuwa mimi yule mtoto?

Mila ikipita hapo, tuishike kwa furaha. Isipopita, tuiache bila kuwatukana wazee wetu. Katika miaka hii watu wenye ualbino wameuawa katika nchi yetu kwa ajili ya imani za kishirikina, na watoto wamo. Asiyeamini jema wala baya hana la kusema mbele ya jambo hilo. Sisi tunalo, na yatupasa kulisema kwa sauti kubwa.